Tiki ya Mwalimu Mwanahawa

Mwalimu Mwanahawa alikuwa anasuuza shuka la pili simu ilipolia dirishani, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, aliiacha ilie. Watu wanaomtafuta mwalimu Jumamosi asubuhi hawana jema. Ama ni mkuu wa shule anataka takwimu, ama ni mzazi anataka kujua kwa nini mwanawe kafeli mtihani ambao hata hakutokea kuufanya. Akakamua shuka, akalianika, akafuta mikono kwenye khanga, ndipo akaenda kuangalia.

Alikuwa Kalinga. Walisoma wote chuo cha ualimu, na sasa Kalinga alifundisha fizikia sekondari moja jirani na Ilula, kule Iringa. Kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya, ilikuwa kukosoa kila kitu kinachotumwa kwenye kundi la simu la walimu wa fizikia. Jana jioni Mwanahawa alikuwa ametuma humo picha ya ukurasa wa daftari la mwanafunzi wake. Aliituma kwa majivuno, tusimfichie. Walimu kumi na wawili walikuwa wameshampongeza.

"Kazi nzuri sana," Kalinga alikuwa ameandika. "Ila mstari wa mwisho umeusoma?"

Chini yake ujumbe mwingine: "Na hiyo 0.7 kwenye barabara ya vumbi umeitoa wapi, dada yangu?"

Mwanahawa akasonya. Kalinga na vijembe vyake! Hata hivyo akaifungua picha.

Kazi yenyewe aliitoa wiki iliyopita kwa kidato cha tatu: kila mtu atafute mahali nyumbani kwao ambapo msuguano unafanya kazi, apime, apige hesabu. Madaftari yalikuja themanini na moja. Sabini na kitu yaliandika breki za baiskeli, kwa maneno yaleyale na kosa lilelile, kwa sababu aliyekosea kwanza alikuwa na marafiki wengi. Halafu likaja daftari la Bertha Ambokile, msichana mkimya wa dawati la tatu, ambaye ukimwuliza swali hujibu kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Bertha alikuwa amechora mkokoteni wa baba yake. Mzee Ambokile alikuwa akishusha viazi kutoka mashamba ya mlimani hadi barabara kuu pale Iyunga, Mbeya, na wote wanaofanya kazi hiyo hufunga kipande cha tairi kuukuu chini ya mkia wa mkokoteni. Kwenye mteremko mvutaji huinua mipini ya mbele, mkia ukashuka, tairi ikakwaruza ardhi. Hiyo ndiyo breki, nyingine hakuna. Bertha alikuwa amepima mteremko kwa kamba na chupa ya maji: kwa kila mita kumi, barabara inashuka mita moja. Alijua baba yake hushusha magunia matano, halafu hupanda tena kilima kizima kufuata mengine matano, na magoti yake hayako sawa. Sasa aliuliza swali moja tu la kifizikia: je, magunia yote kumi yanaweza kushuka mara moja?

Akapiga hesabu. Mkokoteni, magunia kumi na yeye mwenyewe: mvuto wa kuteremka nyutoni 1150. Uzito unaokandamiza tairi ya mkiani, pamoja na wake yeye akisimama juu yake: nyutoni 1700. Akazidisha kwa 0.7 kutoka kwenye jedwali la mwalimu, akapata msuguano wa 1190. Unazidi mvuto kwa arobaini. Jibu: inawezekana.

Hapo kalamu nyekundu ya Mwanahawa ilikuwa imetua kwa furaha. Tiki kubwa, ya kuvuka nusu ukurasa. Kumi kwa kumi. *Safi sana, Bertha!* Akaupiga picha ukurasa, na jana mchana akamrudishia daftari lake.

Chini ya jibu kulikuwa na mstari mmoja wa Kiswahili. Sasa, fizikia sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, hujibiwa kwa Kiingereza, na mwalimu mwenye madaftari themanini na moja akiona Kiswahili mwishoni mwa ukurasa hujua ni maombi: *samahani Madamu kalamu iliisha wino*, au *Madamu naomba unifikirie*. Hayana maksi, jicho halishuki huko. Mwanahawa alikuwa ameupitia mstari ule kwa mkia wa tiki yake bila kuusoma. Sasa akaukuza kwa vidole viwili.

*Baba amesema Madamu akiweka tiki, Jumamosi tutashusha magunia yote mara moja, mimi nikiwa nimesimama mkiani.*

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, povu likimkaukia kwenye vidole.

Kwa sababu ile 0.7 ilikuwa yake. Aliiandika yeye ubaoni: mpira na barabara, 0.7. Kitabu alichonakilia kilisema barabara ya lami, kavu. Ubao ulikuwa umejaa, kengele inakaribia, akaona lami na ukavu ni maneno mawili ya kupunguza. Nani angefikiri kuna mtu atayahitaji? Na barabara ile ya mlimani si lami. Mwezi uliopita greda lilipita, wakamwaga changarawe mpya, na watu wenye pikipiki walikuwa wanalalamika kila siku kwamba inateleza.

Akaokota kipande cha mkaa, akaandika kwenye ukuta wa choo cha mwenye nyumba, kitu ambacho asingethubutu siku nyingine. Changarawe iliyolegea, tuseme 0.3. Mara 1700. Ni 510. Mvuto ni 1150. Toa.

Mia sita na arobaini. Nyutoni mia sita na arobaini ambazo hazina wa kuzizuia isipokuwa mgongo wa mzee mwenye magoti mabovu.

Halafu akakumbuka jambo la pili, na hilo lilimfanya asimame. Bertha alikuwa ameandika gunia moja, kilo mia. Nani alishaona gunia la viazi la kilo mia Mbeya? Ni lumbesa yote, linashonewa kilemba juu hadi linapita kichwa cha mtoto. Mia na ishirini, mia na thelathini. Mtoto ameandika mia kwa sababu vitabuni gunia ni mia.

Akampigia Eveline, mwalimu wa darasa la Bertha.

"Nipe namba ya baba yake Bertha Ambokile. Haraka."

"Salama lakini?"

"Eve, namba!"

"Ngoja basi nitafute. Kwani mtoto amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nimemwekea tiki."

"Sasa hilo nalo ndiyo la kulia, Mwana?"

Namba ikaja. Akapiga. Mwanamke wa kwenye mtandao akamwambia kwa upole mkubwa kwamba simu anayopiga haipatikani. Akapiga tena, yule mwanamke hakuchoka. Mara ya tatu Mwanahawa alimtukana, yeye ambaye nyumbani kwao Iringa mjini alilelewa kwamba hata paka hatukanwi.

Alitoka na khanga ya kufulia na kandambili za bafuni. Kijiweni alimkuta Masumbuko, dereva wa bodaboda mwenye mvi na mashairi ya kukopesha, mtu wa kumpa kila abiria salamu tatu kabla ya kuwasha.

"Mwalimu, za asubuhi? Wazima huko? Na baridi hii vipi?"

"Masumbuko, twende mlimani, ile njia ya viazi. Lori la viazi linaondoka saa ngapi pale barabarani?"

"Linaondoka saa nne. Ila wa mikokoteni wanaanza kushusha saa tatu hivi, wawahi."

Ilikuwa saa tatu kasorobo.

Njiani Mwanahawa alijaribu kujidanganya, kama tunavyofanya wote. Labda mzee amekataa. Mtu aliyevuta mkokoteni miaka yote hiyo anaijua barabara kuliko ubao wowote. Mwili wake utamwambia kwamba kumi ni mengi. Labda tairi ya mkokoteni ina pancha. Labda Bertha anaumwa malaria. Alijikuta anamwombea mtoto malaria, ya kawaida tu, ya siku tatu, kisha akashtuka na kuomba toba juu ya pikipiki.

Lakini kila alipopata nafuu, lile neno lilirudi. Baba amesema Madamu akiweka tiki. Mzee alikuwa ameshaingiwa na shaka. Ndiyo maana alitaka iende kwa mwalimu kwanza. Mwili wake ulikuwa umeshakataa, na ni tiki iliyoushinda.

Njia ya viazi inaachana na barabara kuu kwenye vibanda vya parachichi. Inapanda moja kwa moja kama mita mia nne, upande mmoja ukingo wa udongo uliochongwa mlimani, upande wa pili korongo. Anayeshuka akishindwa kusimama hana pa kuishia isipokuwa barabarani, na barabara ile malori ya Tunduma hayaachiani hata dakika. Walipopinda tu, Masumbuko akapunguza mwendo.

"Mwalimu, mbona yule kazidisha?"

Walikuwa wameshaanza kushuka. Kwa mbali ulionekana mlima wa magunia unaotembea, na mbele yake mtu mdogo aliyejikunja kwa nyuma, mipini ameinua hadi mabegani, miguu ameitanguliza. Alivaa katambuga za tairi, na mwanzoni Mwanahawa alidhani anapiga hatua. Hakuwa anapiga hatua, alikuwa anaburuzwa. Nyuma ya magunia vumbi lilikuwa likifoka, na ndani ya vumbi, kichwa chenye kitambaa cha bluu.

Mwanahawa alishuka kabla pikipiki haijasimama. Kandambili moja ikabaki. Akakimbia kupanda, akipiga kelele ambazo hakujua kuwa anazo.

"Bertha! Ruka! Ruka, mwanangu!"

Mkokoteni ulikuwa umeshika kasi. Si kasi ya kutisha bado, kasi ya mtu anayekimbia asubuhi kwa afya yake, ila kila mita iliongeza kidogo, na Mwanahawa alijua kwa nini, na alijua kwamba haitapungua yenyewe. Kani isiyo na mpinzani haichoki. Alishawahi kuwaambia maneno hayo darasani, wakacheka.

Bertha alimwona. Alikuwa amesimama juu ya mkia, ameshikilia kamba ya magunia kwa mikono yote miwili, uso umepauka kwa vumbi. Akatikisa kichwa.

"Nikiruka msuguano unapungua, Madamu! Baba atazidiwa!"

Na alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomkata maini Mwanahawa pale barabarani. Mtoto alikuwa sahihi kabisa. Akiruka, tairi inapoteza uzito wake, breki inalegea, na mzee aliye mbele anabaki peke yake na tani ya viazi mgongoni. Amesimama juu ya kifo akipiga hesabu, na hesabu anaipatia. Mwalimu gani hajamwomba Mungu ampe mwanafunzi kama huyo?

Basi Mwanahawa akamwacha, akamkimbilia baba. Walipishana, akageuka, akawa anakimbia sambamba na mpini wa kushoto, mguu mmoja mtupu juu ya changarawe.

"Baba Bertha! Ukingoni! Gonga ukingo!"

Mzee hakugeuza kichwa. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. "Magunia ya watu haya!" alisema huku ameuma meno.

"Hautasimama! Haiwezekani usimame! Pinda kushoto, gonga!"

"Nitausimamisha mbele. Pale kwenye..."

"Hakuna mbele! Nakwambia mimi mwalimu, gonga!"

Neno lile, mwalimu. Alilitumia tena kwa sababu hakuwa na jingine, na mzee alilitii tena, papo hapo, bila swali. Akauvuta mpini wa kulia kwa mwili mzima. Gurudumu la kushoto likaparamia ukingo, likazama kwenye udongo, na mkokoteni wote ukajizungusha juu yake. Kitu kikavunjika kwa mlio mkavu. Magunia ya juu yakaendelea na safari kama yalivyokuwa yakienda, hayakuwa na habari kwamba yaliyo chini yamesimama, yakapasuka barabarani, na viazi vikamiminika kuelekea malori.

Ilipita muda kabla Mwanahawa hajasikia kitu. Kisha akasikia honi huko chini, kisha akasikia mtoto anakohoa.

Bertha alikuwa juu ya ukingo, ametupwa kwenye majani, amechunika viwiko vyote viwili na kidevu. Alikuwa anapumua na anajaribu kusimama. Mwanahawa alimpapasa kichwa, shingo, mikono, kila mahali, kama anahesabu vitu vyake baada ya wizi, na alikuwa analia waziwazi bila kujali nani anaona.

Mzee Ambokile alikuwa amelala kando ya mpini. Mguu wake wa kulia, chini ya goti, ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Watu wakajaa. Wanawake wa parachichi, vijana wa kubeba mizigo, mpita njia mmoja mwenye Biblia. Masumbuko alikuwa ameshapiga simu kutafuta gari. Na kama ilivyo desturi, kabla ya huduma ya kwanza ikaanza lawama.

"Baba gani wewe?" alifoka mama mmoja, mikono kiunoni. "Mtoto wa kike unamfanya breki?"

"Tamaa hiyo! Kumi! Lini uliona mtu kashusha kumi hapa?"

"Huyu apelekwe kwa mtendaji. Akitoka hospitali, moja kwa moja kwa mtendaji."

Mzee alikuwa anatetemeka midomo kwa maumivu. Alifumba macho. "Ni kosa langu," alisema. "Nilizidisha. Ni kosa langu."

Mwanahawa alisikia, na aibu ya jambo hili ataibeba mwenyewe: moyo wake ulitulia. Kwa pumzi moja, mbili, alipata raha. Hakuna aliyejua. Hapa alikuwa mwalimu aliyekuja mbio na khanga ya kufulia kumwokoa mwanafunzi wake. Mama wa parachichi alikuwa ameshaanza kumfuta vumbi na kumwita dada. Angeweza kunyamaza tu. Jumatatu angeandika neno lami ubaoni, kimyakimya, na maisha yangeendelea.

Akamwangalia mzee aliyelala chini, ambaye hakumwangalia yeye hata kwa bahati mbaya.

"Si kosa lake," akasema. Akarudia. "Si kosa lake. Mimi ndiye nilimwambia inawezekana."

Watu wakatazamana, wasielewe. Mwalimu na mkokoteni, wapi na wapi?

"Mwalimu, acha," mzee alisema chinichini. Akamshika upindo wa khanga kumvuta karibu. Mkono ulikuwa wa baridi. "Acha, ndaga, nashukuru. Mimi nitapona. Ila huyu Jumatatu anarudi darasani kwako. Asipokuamini wewe, atasoma kwa nani? Mimi sina cha kumfundisha. Waache waseme ni mimi."

Mwanahawa akapiga magoti kwenye changarawe. Alitaka kukubali, Mungu anajua alivyotaka. Mzee alikuwa anampa mguu wake kama zawadi ili heshima ya mwalimu isivunjike mbele ya mtoto. Lakini mtoto alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama nyuma yake, damu ya kidevu imemchuruzika hadi kwenye kola, na alikuwa amesikia yote.

"Madamu," alisema Bertha, "nilikosea wapi?"

"Hukukosea. Hesabu yako ni sahihi yote. Namba niliyowapa mimi ni ya lami. Sikuwaambia. Na mstari wako wa mwisho sikuusoma. Niliweka tiki bila kusoma."

Bertha aliangalia mguu wa baba yake, akaangalia mfereji ambao tairi ya mkiani ilikuwa imeuchimba kwenye changarawe, mrefu, kutoka juu kabisa hadi pale. Hakuwa analia. Mwanahawa alitamani alie, au amtukane, kwa sababu hayo angejua namna ya kuyapokea.

"Nilikuona unakuja," Bertha alisema, kwa sauti yake ileile ya kuomba radhi. "Ukaniambia niruke. Nikajua ukiniambia kitu ni kweli, na hesabu niliyofanya ulishasema ni kweli. Vyote viwili vyako. Sikujua nishike kipi."

Gari lilikuwa linapanda. Vijana wakaanza kubishana namna ya kumwinua mzee bila kumtikisa mguu, hadi mama wa parachichi akaleta shuka la kumlazia.

"Sasa Jumatatu," Bertha aliuliza, "ukituandikia kitu ubaoni, nitajuaje?"

Lilikuwa swali tu, kama yale ya darasani, na alisubiri jibu. Mwanahawa alilitafuta. Kisha akanyanyuka, akashika upande mmoja wa shuka walilomlazia mzee, Bertha akashika upande wa pili, na Masumbuko akahesabu moja, mbili, tatu.